Ile hita ya gesi niliyomnunulia Mum

Kama umetafuta ile video yangu ya hita ya gesi na hukuiona, si simu yako. Niliifuta. Ndiyo ilitazamwa kuliko kitu kingine chochote nimewahi kutengeneza, lakini kuna mtu ameniandikia juzi akisema ameweka ya kwake ndani ya bafu "venye ulionyesha". Manze, sikulala. Acha niwaambie kile video haikuonyesha.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, Mum hakunifokea. Alinyamaza tu, na kile kimya kilikuwa kibaya kuliko kelele. Sasa pesa ya kwanza ya maana niliyopata kwa hizi video sikununua viatu. Nilitaka kumnunulia kitu cha kumwambia, bila kusema, kwamba sijapotea.

Mum anaishi Limuru, na Julai ya Limuru haina mchezo. Miaka yote amekuwa akichemsha maji kwa sufuria na kuyabeba kwa beseni. Shawa ya stima aliikataa kwa sababu ya tokeni. Nikaona hita ya gesi isiyo na tangi: unafungua mfereji, cheche inalia ta-ta-ta, moto unawaka, maji yanatoka moto papo hapo. Cheche inatoka kwa betri mbili kubwa, kwa hivyo hata stima ikipotea unaoga.

Niliichagua kwa vitu vitatu: bei, umbo, na kale kakioo ka kuonyesha digrii. Fundi akaniuliza naitaka wapi. Nikamwambia ndani ya bafu, ndio ionekane vizuri kwa kamera. Bomba la moshi lilikuwa kwa boksi. Akasema si lazima, dirisha lipo. Tukaliacha kwa boksi.

Wiki ya tatu, jioni ya baridi, Mum akaingia kuoga na dirisha likiwa limefungwa. Mimi nilikuwa sebuleni naedit. Baada ya muda nikasikia maji yanamwagika tu, mdundo mmoja, kama hakuna mtu chini yake. Nikaita. Kimya. Nikaita tena. Nikasukuma mlango, na namshukuru Mungu hakuwa ameufunga kwa komeo. Alikuwa sakafuni, ameegemea ukuta, macho wazi lakini hanioni. Nikamfunika leso, nikamvuta hadi verandani. Jirani akatoa gari. Hospitalini wakamwekea oksijeni, na daktari akaniuliza swali moja tu: "Hita yenu iko wapi?"

Wengi wetu tunaogopa gesi kwa sababu ya mlipuko. Tuliona Embakasi usiku wa Februari 1, 2024, na tangu hapo kila mtu ananusa mtungi. Ni vizuri, kwa sababu gesi ya kupikia huwekwa harufu makusudi ndio ikivuja ujue. Lakini kilichomwangusha Mum hakikuvuja. Moto ukiwaka kwenye chumba kidogo kilichofungwa, hewa safi inapungua, na gesi haiungui yote. Hapo inatokea kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Unaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inaisha nguvu, na unadhani ni uchovu. Mum alikuwa amelalamika kichwa wiki nzima. Nilimpa Panadol.

Kwa hivyo ukiniuliza leo hita gani ni nzuri, sianzi na jina la kampuni. Nakuuliza moshi utatokea wapi. Zile ndogo zisizo na bomba haziingii ndani ya nyumba, hata kama duka linasema dirisha linatosha. Zenye bomba, bomba lifike nje kabisa, si juu ya dari. Zenye feni husukuma moshi vizuri zaidi, ila nyingi zinahitaji stima, kwa hivyo stima ikipotea unaoga baridi. Na kuna zile zilizofungwa kabisa, zinavuta hewa kutoka nje na kurudisha moshi nje. Ni ghali, lakini kama lazima ikae ndani, weka akiba ununue hiyo. La sivyo, tafuta iliyoruhusiwa kukaa nje, chini ya paa dogo, mbali na madirisha.

Ukishajibu hilo, ndio uangalie mengine. Iwe imeandikwa LPG, kwa sababu ile ya gesi asilia haifai mtungi wetu. Soma presha ya chini kabisa inayohitaji: tangi likiwa mita 2 tu juu ya shawa, presha ni ndogo, na hita nyingi zitakataa kuwaka. Lita 6 kwa dakika zinatosha shawa moja. Hita ya aina hiyo ikiwaka yote inakula karibu kilo moja ya gesi kwa saa, kwa hivyo mtungi wa kilo 13 ni kama mara 75 za kuoga dakika 10. Piga hesabu na bei ya mtaani kwako kabla hujaniamini. Moto uwe wa buluu. Ukiona wa njano, au masizi, zima uite fundi anayejua gesi, si wa mabomba tu. Na ununue ile kengele ya kaboni monoksidi. Ikilia, au watu wawili wakiumwa kichwa pamoja, zima gesi, tokeni nje, tafuteni daktari.

Kuna mtu wa familia alisema pale hospitalini kwamba ningemaliza shule ningejua. Iliniuma, lakini si kweli. Nilikuwa nasomea biashara. Nilipofungua lile boksi tena, karatasi ya maelezo ilikuwa mle, bado imekunjwa, na ukurasa wa kwanza ulisema isiwekwe bafuni. Haikuhitaji digrii. Ilihitaji dakika 5 ambazo nilizitumia kutafuta angle.

Hita mpya iko nje ukutani. Haionekani kwa kamera hata kidogo. Siku ilipowekwa, Mum alisimama mlangoni mwa bafu na taulo begani, akanitazama, akasema, "Oga wewe kwanza."

Nikaoga.