Sehemu ya 9: Diski ya picha za mtoto ikigoma, usikubali kufomati

Leo tunaacha homa na uji kidogo.

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10, siku ya Nyerere, 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi za zamani zinawekwa Linux. Ni bure na haielemei mashine iliyochoka. Shida inaanza ukichomeka ile eksteno uliyokuwa ukiitumia kwenye Windows. Inagoma kufunguka. Mtu pembeni anakwambia: imekufa hiyo, fomati.

Subiri kwanza! Kufomati ni kufuta. Na kuna mama ambaye picha hizo ndizo pekee alizobaki nazo za mwanawe.

Mara nyingi diski ni nzima. Nesi wa asubuhi hampi mgonjwa dawa kama wa usiku hajaandika alichompa, asije akarudia dozi. Ndivyo ilivyo hapa. Kuanzia Windows 8, ukiizima haizimiki kabisa, inasinzia ili iwake haraka. Diski iliyochomekwa inabaki kama faili la mgonjwa lisilofungwa. Ukiichomoa ghafla, au umeme ukakatika na betri ya laptopu ilishakufa, mambo yanatokea yale yale. Linux ikiikuta hivyo inakataa, isije ikaharibu vilivyomo.

Fanya hivi:

1. Rudisha diski kwenye kompyuta yenye Windows, hasa ile ile ya mwanzo.

2. Bonyeza diski kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Tools, kisha Check. Acha imalize.

3. Itoe kwa Eject, usiing'oe tu. Kisha zima kompyuta huku umeshikilia Shift. Hapo inazimika kweli.

4. Ijaribu tena kwenye Linux.

Kama Windows haipo tena, mwambie fundi aifungue kwa kusoma tu, yaani "ro", anakili picha zote kwanza. Amri ya ntfsfix ije baadaye, maana inasafisha alama tu, haitengenezi kila kitu.

Dalili za hatari ni mbili. Diski ikigonga tik-tik, hiyo ni ugonjwa wa chuma: ichomoe, usijaribu jaribu, tafuta fundi wa kuokoa data, hata kama ni kwenda Kondoa au Dodoma mjini. Ikidai ufunguo wa BitLocker, tafuta namba zake 48. Bila hizo au nywila yake haifunguki.

Ikishafunguka, leo leo nakili picha, kadi ya kliniki uliyopiga picha na cheti cha kuzaliwa sehemu ya pili. Diski moja si akiba.

Mtumie na baba watoto asome, maana mara nyingi yeye ndiye anayepeleka laptopu kwa fundi. Sehemu ya 10 tunarudi kwenye uji wa miezi 6.