Jiwe Linaloitika

Wiki iliyopita walibomoa ukuta wa Papa Fundi, nyuma ya kanisa kuu, hapa Goma. Nilipopita nikakuta vijana wanne wakihangaika nao kwa mitaimbo. Mmoja aliponiona nimesimama akaniuliza, "Papa, mawe haya yalikatwa na mashine gani?" Kijana huyo ana cheti cha uashi. Alinionyesha kwenye simu yake: miezi mitatu.

Hapakuwa na mashine. Kila jiwe la ukuta ule lilichongwa kwa nyundo na patasi, na mengine niliyachonga mimi.

Papa Fundi alinipokea kujifunza uashi mwaka 1989, kama daftari langu la zamani linavyosema. Hakuwa na shule wala kibao mlangoni. Alikuwa na ua, pipa la maji, na timazi ya shaba aliyoifunga ndani ya kipande cha kitenge kama mtu anavyofunga hela. Tulikuwa wanafunzi watano, na miezi sita ya kwanza hakuna aliyeshika mwiko. Tulichekecha mchanga, tukateka maji ziwani, tukachambua mawe.

Kuchambua mawe ndiko kulikuwa somo lenyewe. Mji wetu umekaa juu ya lava, na lava haifanani yote. Ya juu, iliyopoa haraka, ina matundu kama mkate. Ni nyepesi, usiitwishe mzigo. Ya ndani ni nzito, imeshikana. Likishajaa vumbi, jiwe linakudanganya macho. Kwa hiyo Papa aliligonga kwa nyundo ndogo, akainamisha kichwa. Likilia kama kengele, alisema, "Limeitika." Lisipoitika, lilitupwa upande wa pili. Alitufunga macho kwa kile kitenge tukagonga, siku baada ya siku, mpaka masikio yakajua. Kisha jiwe lilimwagiwa maji kabla ya kulazwa, maana lava kavu hunyonya maji ya saruji, ikabaki unga usioshika kitu. Harufu ya jiwe lililochomwa na jua likimwagiwa maji saa sita mchana, na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za mke wake zikikaangwa kwa mawese, mpaka leo ikinijia nasikia njaa.

Mwaka wa tatu ndipo aliponiachia kona. Aliteremsha timazi, akatazama, akasema, "Bomoa." Nilibomoa mara mbili. Mara ya tatu alitazama, akaikunja timazi ndani ya kitenge, akaenda kula. Sikupewa karatasi. Nilikaa chini pale penye kona nikalia.

Vita vilipoanza, mwenzetu mmoja alishika bunduki, wa pili akaenda Masisi kuchimba madini, wa tatu hatukujua alikokwenda. Tukabaki wawili.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka kutoka mlima wa volkano hadi mjini, ikapita juu ya kanisa kuu na ua wetu ikielekea ziwani. Miezi kadhaa baadaye Papa alipanda juu ya lava ile mpya, mahali alipokisia palikuwa na mlango wake, akagonga kwa nyundo yake ndogo. Iliitika. Tukaanza kuchonga palepale, saruji ikija kwa chukudu, kigari chetu cha mbao, na ukuta ukasimama kwa jiwe lilelile lililomwangushia nyumba.

Papa alifariki, ikaja miradi ya mafunzo. Miezi mitatu, mingine sita, na kila kijana anayemaliza anapewa sanduku: mwiko, nyundo, pimamaji. Masanduku mengi niliyaona sokoni kabla mwezi haujaisha. Siwalaumu vijana, njaa haingoji. Kinachoniudhi ni hesabu ile ya miezi. Kijana aliyetoka porini na bunduki anahitaji mtu wa kumsimamia miaka mitatu, mtu ambaye akimkosa siku mbili anamfuata kwao. Leo betoni inatiwa maji mengi ili imwagike upesi, nguzo za ghorofa zinasimama kwa nondo nyembamba, na wanaolala chini yake ni watoto wetu.

Na huo mwaka wa tatu utafikaje? Mwaka 2012, wenye kufundisha uashi katika kituo cha Don Bosco Ngangi waliwapokea wakimbizi wa vita wakajaa uani. Mwaka 2021 mlima ukatema tena. Januari 2025 vita viliingia mjini, nayo sina haja ya kuisimulia. Kila mara mafunzo yanaanzia kwenye mchanga.

Vijana wale wanne walihangaika na ukuta siku mbili. Siku ya pili nilirudi na nyundo yangu. Nilimwomba yule aliyeniuliza afumbe macho, nikagonga jiwe moja la chini, kisha moja la juu ya dirisha. Alikunja uso. "Papa, hili la chini linapiga kelele."

Nikampa nyundo, nikamwambia agonge la tatu.