Pinde Zisizo na Leseni

Mwaka 1982 nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kaskazini mwa Wilaya ya Kahama, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kupokea vielelezo. Gobole likiletwa halikunisumbua. Niliandika: bunduki moja ya kienyeji, baruti ndani ya pembe ya ng'ombe, goroli kadhaa, mwenye nayo hana leseni. Sheria ya silaha tuliyorithi kwa Mwingereza ilikuwa wazi, na shauri lilipelekwa wilayani bila maneno mengi.

Kisha wakaletwa vijana tisa na pinde zao. Polisi walizitupa mezani kwangu pamoja na mapodo ya mishale, wakanionya nisiguse ncha kwa sababu zilikuwa na sumu. Hakimu alizitazama, akaniita pembeni. "Karani, upinde ni kosa gani?" Tulipekua vitabu. Upinde haukuwa kosa. Hakuna aliyewahi kuudaia leseni, maana kila mwanamume wa Kisukuma na Kinyamwezi alikuwa nao nyumbani, wa kuwindia na wa kulinda mifugo. Ikabidi washtakiwe kwa kumshambulia mtu na kumfungia isivyo halali. Mtu mwenyewe waliyemfunga alikuwa amekutwa na ng'ombe watano asioweza kueleza walikotoka.

Vijana wale walikuwa wa Sungusungu, jeshi la jadi la vijiji vyetu, na anayetaka kulielewa aanzie kwenye wizi wa ng'ombe. Vita na Amin ilianza mwishoni mwa 1978, Kampala ikaanguka Aprili 1979, na baada ya hapo wezi wakaanza kuja na bunduki za SMG. Kila mtu kwetu aliamini kuwa silaha zile zilitoroka vitani. Zamani wezi walikuja kwa kunyemelea. Sasa walikuja wakipiga risasi hewani, wakafungua zizi na kuswaga kundi zima mbele ya mwenyewe. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, kina Land Rover moja, na miaka ile mafuta yalikuwa adimu kama sabuni na sukari. Ukienda kuripoti, unaombwa ununue mafuta. Ukinunua, gari linafika siku ya tatu, nyayo zimeshafutika. Na walikuwepo watu wengi walioapa kwamba mwizi waliyemkamata Jumatatu walikutana naye mnadani Ijumaa.

Nilihudhuria mkutano ambao kijiji chetu kilijiunga na jeshi hilo. Sikualikwa kama karani, nilikwenda kama mwenye nyumba. Katika yote niliyoyasikia kuhusu haki ya raia kushika silaha, bungeni na redioni, sijasikia mjadala ulioushinda ule uliofanyika chini ya mkwaju.

Kijana mmoja aliyekuwa mgambo na kupigana Uganda alisimama kwanza. Alisalimia wazee kama inavyopasa, kisha akasema: "Wazee wangu, kule vitani tulipewa SMG, mgambo na mwanajeshi sawasawa. Vita imekwisha, wamezikusanya. Mwizi anayo, mimi niliyeitumia kulinda nchi sina. Tuombe serikali itukopeshe hata bunduki tano."

Alipigiwa makofi. Hakuwa anazua jambo geni. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotoka wakati Amin ameshika Uganda na Wareno wamekwisha kuivamia Guinea, ulisema ulinzi wa nchi ni kazi ya wananchi wenyewe, wafundishwe mgambo. Sisi tuliufundishwa kwenye semina. Yule kijana alikuwa anadai kilichoandikwa na chama chake.

Mzee mmoja, mganga wa mifugo, akamjibu akiwa amekaa. "Mwanangu, hizo bunduki tano zitalala kwa nani?"

"Kwa mwenyekiti wa kijiji, baba. Kwenye stoo."

"Na siku mwizi atakuwa shemeji wa mwenyekiti?"

Watu walicheka, mwenyekiti naye akacheka, ingawa si sana. Mzee akaendelea: "Upinde wangu nimeuchonga mwenyewe. Sina wa kumwomba ufunguo. Na nikikuonea wewe, unao wa kwako. Mshale nao una alama; ukimpata mtu, kesho yake tunajua umetoka kwenye podo la nani."

Kweli, kijijini kwetu kila mtu alichora alama yake kwenye mti wa mshale, kama wawindaji walivyofanya ili wasigombee mnyama. Ikakubaliwa: hakuna bunduki, hata gobole, kwenye msako. Kila mwanamume awe na upinde na mishale, awe na filimbi, na akisikia mwano, yaani yowe la kuomba msaada, atoke. Asiyetoka analipa faini. Akachaguliwa ntemi, yaani mkuu wa jeshi, akachaguliwa katibu, daftari likafunguliwa. Nadhani hata Operesheni Vijiji ya 1974, ambayo watu wengi waliilaani kwa kuwang'oa kwenye mahame yao, hapo ilisaidia kidogo: nyumba zilikuwa karibu, mwano ulisikika kaya hadi kaya na kijiji hadi kijiji. Wezi wenye SMG walijikuta wamezungukwa gizani na mamia ya watu wasiowaona. Risasi zikiisha, mambo yamekwisha. Katika msimu mmoja ng'ombe walianza kulala zizini bila mtu kukesha.

Wilayani jambo hili liliwagawa wakubwa. Polisi na mahakimu walisema nchi haiwezi kuwa na majeshi mawili. Katiba ya mwaka 1977 inakataza mtu au kikundi chochote, isipokuwa Serikali, kuunda jeshi la aina yoyote, na hawa walikuwa wanaitwa jeshi la jadi hadharani! Watu wa chama walisema hizi ni nguvu za umma, atakayezipinga anapingana na wananchi. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwaunga mkono. Baada ya hapo mashauri mengi yaliyokuwa mezani kwangu yalikufa kifo cha kimya: shahidi haonekani, shauri linaahirishwa, mwishowe faili linafungwa. Vijana wetu tisa walirudi kwao wakiimbiwa. Pinde zao nilizirudisha mwenyewe, nao wakatia saini kwa dole gumba.

Polisi nao walikuwa na sababu ya kujizuia. Mwaka 1976, Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliwakamata watu katika msako wa mauaji ya kishirikina, wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowakamata. Mawaziri walijiuzulu Januari 1977, mmoja wao Ali Hassan Mwinyi aliyekuwa Mambo ya Ndani. Kwa hiyo ofisa wa polisi akituambia kwamba silaha mikononi mwa wananchi italeta uonevu, wananchi walimtazama tu. Walikuwa na mfano wa silaha mikononi mwa dola yenyewe.

Lakini ofisa yule hakuwa amesema uongo.

Wezi walipopungua, vikao havikupungua. Jeshi lililozoea kukutana usiku lilihitaji kazi. Likaanza kuamua madeni, kisha ndoa, kisha uchawi. Bibi mmoja mjane, macho mekundu kwa moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe kwa sababu kuni zilikuwa mbali, alifungiwa: asipewe moto, asichote maji kisima kimoja na wenzake, asisalimiwe. Alihama na mjukuu wake kabla ya mvua. Alifika mahakamani kwetu, hakimu akamsikiliza kwa heshima, akamwuliza ana shahidi gani. Bibi akamwambia, "Baba, shahidi wangu ni kijiji kizima, na ndio hao walionifungia."

Baadaye ukaletwa mwili wa mtu kutoka kijiji cha jirani. Alituhumiwa wizi, akakimbia, wakampiga mishale. Ndugu zake walidai ugomvi ulikuwa wa mpaka wa shamba. Mauaji si shauri la mahakama ya mwanzo, lakini mishale ilipitia mikononi mwangu usiku ule kabla ya kupelekwa wilayani, nami nikaiorodhesha. Nilitafuta alama. Kila mshale ulikuwa umekwanguliwa kwa kisu pale alama ilipokaa, mti mweupe umetokeza, na kazi ile ilionyesha haikufanywa kwa haraka. Ilifanywa kabla ya kutoka nyumbani.

Mjukuu wangu hufuatilia sana habari za Marekani, na kila kukitokea mauaji shuleni kule huniletea simu nitazame wanavyobishana. Anashangaa kwamba katiba yao ina kifungu cha silaha tangu 1791, nami humwambia akisome vizuri, kinaanza kwa kutaja mgambo uliopangwa sawasawa, kama Mwongozo wetu. Mahakama yao ya Juu iliamua mwaka 2008 kwamba haki ile ni ya mtu mmoja mmoja, si ya mgambo. Huwa nasikiliza pande zote mbili zikihesabu bunduki, nakumbuka ile mishale. Upinde ni silaha duni, haukuhitaji leseni, na ulitosha kuua mtu ambaye muuaji wake hajapatikana hadi leo. Kilichotulinda miaka miwili ya kwanza ni alama iliyochorwa na mwenyewe kwa hiari yake, na siku watu walipogundua kwamba inaweza kukwanguliwa bila mtu kuulizwa, tulibaki na watu wenye silaha gizani, sawa na wale wezi.

Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, na jeshi la jadi likapata uwezo wa kukamata watu kama mgambo wengine. Rais aliyekuwa madarakani ni yule yule Mwinyi. Ofisa alikuja kutoka wilayani kutueleza, nami nikaombwa kutafsiri kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee. Alisema sasa mmehalalishwa, mnaweza kukamata, mnatakiwa kumfikisha mtuhumiwa polisi, na msimpige. Watu walishangilia hadi akashindwa kuendelea.

Yule mganga wa mifugo, wakati huo amezeeka sana, aliinua fimbo yake. "Mwanangu, tukimpata mtu kwa mshale, na ikaonekana siye, anafungwa nani? Kijiji au mimi?"

Ofisa alitazama karatasi zake. Akasema sheria haifungi kijiji. Anayeshtakiwa ni aliyefyatua.

"Na asipojulikana?"

"Mzee, ndiyo maana nimesema kuwe na orodha. Kila mlinzi aandikishwe jina, na silaha yake ijulikane."

Niliitafsiri sentensi hiyo kama ilivyo. Katibu akafungua daftari jipya pale pale na kuita majina kwa kaya. Waliojitokeza kuandikwa hawakufika nusu ya waliokuwa wakitoka na pinde wiki iliyotangulia, na yule kijana wa SMG, ambaye sasa alikuwa na ndevu na ng'ombe wake mwenyewe, alikaa akitazama chini hadi jina lake likapita.