Mizani ya Vitufe

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Niliuonja ukweli wa methali hii pale rafiki yangu, mwanafunzi wa kompyuta, aliponiomba niitafsiri programu ndogo aliyoiunda. Palipokuwa na "Save" niliandika "Hifadhi". Palipokuwa na "Edit" niliandika "Hariri". Kwenye skrini yakajitokeza "Hifa" na "Hari". Kuhariri kukageuka jasho! Kumbe kila kitufe kilikuwa kimepimwa kwa urefu wa neno la Kiingereza.

"Huwezi kuyafupisha, ndugu?" akaniuliza.

Sisi wanafunzi wa ushairi twaijua inkisari: mshairi hulifupisha neno ili mizani itimie. Lakini mshairi hujichagulia bahari yake. Mizani hii niliwekewa na lugha nyingine.

Hapo nikaanza kuzichunguza zana za kuchorea violesura. Interface Builder, iliyobuniwa na Mfaransa Jean-Marie Hullot, ilijulikana kupitia kompyuta za NeXT zilizozinduliwa mwaka 1988. Mbunifu alikikokota kitufe kwa kipanya na kukiweka mahali hasa alipotaka. Kila lugha iliweza kuwa na faili lake la dirisha, na mfasiri akavipanga upya vitufe kwa mkono. Glade, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1998 kwa ajili ya GTK, ilifuata njia nyingine. Vitufe hutiwa ndani ya masanduku yasiyoonekana, nayo masanduku hutanuka kulingana na neno lililomo. Mfasiri hupewa orodha ya maneno tu.

Njia ya kwanza humpa mfasiri dirisha zima pamoja na jasho la kulipanga. Ya pili humpunguzia jasho, na mamlaka pia. Hata hivyo, naichagua ya pili, kwa kuwa haiilazimishi lugha kuomba nafasi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliposhiriki kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, walidhihirisha kwamba istilahi tunazo. Basi wasomi wenzangu, tukiitwa kutafsiri, tusiulizie msamiati pekee. Tuulize pia dirisha limejengwaje.

Rafiki yangu alilijenga upya dirisha lake kwa masanduku. Sasa "Hifadhi" yasomeka yote, kwa mizani yake mitatu.