Chombo cha Maua, Minneapolis na Garissa

Ua lililokatwa ni kiungo cha mmea kilichotengwa na mizizi yake lakini ambacho bado ki hai, kwa kuwa huendelea kuvuta maji kupitia mishipa myembamba iliyomo ndani ya kikonyo na kuyapoteza kupitia majani na petali. Hivyo basi, siku litakazodumu sebuleni hutegemea zaidi usafi wa njia hiyo ya maji kuliko thamani ya chombo lilimowekwa.

Katika mtaa wa Cedar-Riverside mjini Minneapolis, wanakoishi Wasomali wengi, wakiwemo waliotokea mji wa Garissa nchini Kenya na kambi za wakimbizi za Dadaab, shada la maua hununuliwa wakati wa kiangazi kwenye masoko ya wakulima, ambako wauzaji wengi wa maua ni watu wa jamii ya Wahmong, kisha hutiwa katika chupa ya jemu au ya sosi ya nyanya iliyooshwa na kubanduliwa karatasi yake. Maji yako bombani, na kuyabadilisha kila siku hakumnyimi mtu kitu. Majira ya baridi yanapofika, mitambo ya kupasha nyumba joto huikausha hewa ya ndani kiasi kwamba ua lililo karibu nayo hunyauka upesi, kana kwamba limewekwa dirishani mjini Garissa alasiri ya mwezi Machi, wakati joto linapopita nyuzi 35.

Garissa yenyewe si nchi ya shada. Mawaridi ya Naivasha hutunzwa kwenye ubaridi tangu yanapovunwa hadi yanapofika mnadani Aalsmeer nchini Uholanzi, ilhali mzigo unaopandishwa basi la Garissa husafiri kwa saa nyingi katika joto. Tena pale maji yanapoletwa kwa mkokoteni wa punda, mtungi wa lita 20 una wenyewe kabla ya ua kufikiriwa. Ndiyo maana sebule nyingi hupambwa kwa maua ya plastiki, na harufu nzuri huachiwa uunsi, yaani mchanganyiko wa sukari, ubani na manukato unaofukizwa katika chetezo cha udongo.

Hata hivyo, si kweli kwamba elimu ya kutunza kitu kibichi ndani ya chombo ni ngeni huko. Wafugaji wa ngamia huifukiza dhiil, ambacho ni chombo cha maziwa cha kusukwa au kuchongwa, kwa moshi wa miti maalumu kabla ya kukama, na moshi huo hupunguza bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyochachusha maziwa. Bakteria pia, wakizaliana katika maji ya chupa, huziba mishipa ya kikonyo, ua likainamisha kichwa huku limezungukwa na maji. Kwa hiyo anayejua kwa nini chombo cha maziwa hakitiwi maziwa kabla ya kusafishwa hana jipya la kufundishwa kuhusu chupa ya maua, isipokuwa hatua zenyewe: chupa huoshwa kwa sabuni na jiki kidogo, kikonyo hukatwa mshazari kwa kisu kikali, na majani yanayozama majini huondolewa kwa sababu huoza.

Kopo la maziwa ya unga hufaa pia, mradi gilasi au chupa ya plastiki iliyokatwa shingo itumbukizwe ndani yake, kwa maana bati hushika kutu. Bogenvilia ya ukutani, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na mkono, hunyauka mapema, basi ni afadhali ikatwe alfajiri, nayo haitazamiwi kudumu kama waridi. Waridi la jangwani, lenye shina nene na maua ya rangi ya waridi, lingependeza zaidi, ila utomvu wake ni sumu iliyopakwa mishale tangu zamani, na nyumba yenye watoto haina haja nao.

Zaidi ya hayo, ndizi mbivu na maembe kutoka mashamba ya kando ya Mto Tana hutoa ethilini, gesi inayokomaza matunda na kuharakisha kuzeeka kwa maua, kwa hiyo sinia la matunda halipaswi kukaa ubavuni mwa chupa. Gesi hiyo imo pia katika moshi, na hapo ndipo desturi hizo mbili zinapoachana: dhiil hupona kwa moshi, lakini chetezo cha uunsi kikiwashwa, ua huhamishiwa chumba kingine.