Kwetu, Kwenu, na Majira ya Kura

Ndugu walimu wenzangu, sisi tunaofundisha Kiswahili tuna desturi ya kuyapima maneno kabla ya kuyatoa, kama mama muuza unga apimavyo kopo lake. Pengine ndiyo sababu majira ya uchaguzi hutuchosha kuliko watu wengine, maana wakati huo maneno humwagwa barabarani bila kipimo. Hapa Lubumbashi kampeni ya mwaka 2023 ilianza tarehe 19 Novemba na kwisha tarehe 18 Desemba, na katika siku hizo zote sikumbuki somo hata moja lililokwisha bila gari la vipaza sauti kupita chini ya madirisha yetu. Darasa langu limejaa pomoni tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019. Hilo ni jambo jema na sina ugomvi nalo, ila wingi wa watoto na kelele za barabarani kwa pamoja ni mtihani wa subira. Baada ya wiki mbili watoto walizijua namba za wagombea vizuri kuliko walivyozijua ngeli za majina.

Wagombea wa ubunge wa taifa peke yao walipita 25,000, na viti vya Bunge ni 500. Neno kura, kama tujuavyo, lina asili ya Kiarabu, na wazee walipopiga kura walikuwa wakiamua jambo kwa bahati, kama vile kugawana mafungu ya urithi. Nilipozitazama picha za wagombea zilizobandikwa ukuta mzima, nikasema moyoni: kumbe maana ya kale haijafa.

Na Kiswahili! Katika majira hayo lugha yetu hupata heshima isiyoipata mwaka mwingine wowote. Katiba ya mwaka 2006 yakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba cha Kasai, lakini lugha ya kazi za serikali ni Kifaransa. Basi bwana mkubwa ambaye miaka mitano hasemi ila Kifaransa huja Katuba akiwa juu ya gari, akasema Kiswahili kitamu cha sokoni, akawaita mama zetu mama na papa zetu papa. Akichaguliwa, Kiswahili chake hubaki palepale juu ya gari. Kiswahili chatuomba, Kifaransa chatutawala. Methali isemayo ahadi ni deni waijua wote, nao huitamka kwa sauti kubwa, ila wadeni wa namna hii huonekana mara moja kila miaka mitano.

Sitazungumza mengi juu ya adha za kila siku, maana kila msomaji anazo zake. Umeme ulikatika jioni baada ya jioni, bei ya unga ikapanda, na fulana zenye sura za wagombea zikawa nyingi kuliko mifuko ya unga. Ila habari ya kadi sharti niitaje. Kadi ya mpigakura kwetu si ya kupigia kura tu. Kwa miaka mingi ndiyo imekuwa kitambulisho cha mwananchi, naye huidaiwa benki, safarini na kila aulizwapo jina. Kadi za mwaka 2023 zilichapwa kwa wino usiodumu. Yangu ilianza kufutika kabla ya mvua za Oktoba. Kwanza macho, kisha jina. Jirani yangu, mama wa makamo, alinionyesha yake ikiwa nyeupe kama karatasi mpya. “Mwalimu,” akaniuliza, “sasa mimi ni nani?” Tulicheka, tukanyamaza.

Swali hilo lilinijia tena darasani, kwa mlango mwingine. Wagombea wawili waliotajwa zaidi mjini kwetu walikuwa Rais Félix Tshisekedi, ambaye asili yake ni Kasai, na Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga tangu 2007 hadi 2015. Mtu wa nje ataona hapo ushindani wa kawaida. Sisi tuliokuwako mwaka 1992 husikia jambo jingine. Mwaka ule, baada ya Étienne Tshisekedi kuchaguliwa waziri mkuu na Mkutano wa Taifa mwezi Agosti, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba. Nilikuwa mwalimu kijana mjini Likasi. Maelfu ya watu walilala stesheni wakingoja treni, wiki kwa miezi, na wengi walifia pale wakingoja. Wengi wao hawakuwahi kuiona Kasai. Babu zao waliletwa kufanya kazi migodini zama za Wabelgiji, wao wakazaliwa hapa, wakalelewa kwa Kiswahili, wakapigana na kupatanishwa kwa Kiswahili. Asubuhi moja nilikuta nusu ya madawati yangu hayana mtu.

Kwa hiyo, wakati wa mapumziko siku moja ya Novemba 2023, nilipomsikia mtoto akimwambia mwenzake uwanjani, “Rudini kwenu,” sikulichukua kuwa neno la kitoto. Mtoto hakulibuni, alilisikia mahali. Nilipiga kengele kabla ya wakati.

Sikuwahubiria. Niliandika ubaoni petu, kwetu, mwetu. Kisha penu, kwenu, mwenu. Tukaanza. Pa- ni mahali dhahiri, panapoonekana na kugusika. Mu- ni ndani. Ku- ni mahali pasipo mipaka, pa mbali au pasipojulikana sawasawa. Kila mtoto akatunga sentensi. Wakatunga: mwetu mna kitanda kimoja, kwetu hakuna maji. Ndipo nikawauliza, mtu akimwambia mwenzake “kwenu”, je, yeye mwenyewe apajua mahali hapo? Aliyelisema neno lile uwanjani alifikiri, akajibu kwa uaminifu kwamba hapajui. Nikamgeukia yule aliyeambiwa, nikamuuliza, “Nawe mwanangu, kwenu ni wapi?”

“Kwetu ni Kamalondo, mwalimu,” akasema, “nyuma ya kisima.”

Darasa likacheka, kwa kuwa wote walikijua kisima hicho. Nami nikaendelea na mifano, maana “kwenu” ni neno la ukarimu pia: kwenu hawajambo? nitakuja kwenu Jumapili. Silabi ni zilezile. Siwezi kusema kwamba somo lile lilimbadilisha mtu. Nasema tu kwamba kwa siku zilizobaki za kampeni sikulisikia tena neno lile uwanjani pangu, barabarani nililisikia.

Tarehe 20 Desemba nilifika kituoni saa kumi na moja alfajiri. Mashine haikufika hadi saa nane mchana. Palikuwa na kura nne za kupiga, ya rais, ya wabunge wa taifa, ya wabunge wa jimbo na ya madiwani wa komuni, na mzee aliyenitangulia foleni alikigusa kioo kwa hofu kama agusaye sufuria ya moto. Masisi na Rutshuru, huko mashariki, wenzetu hawakupiga kura kabisa kwa sababu ya vita. Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 73, na tarehe 5 Januari 2024 kura za wagombea 82 wa mabaraza zilifutwa kwa udanganyifu na makosa mengine, yakiwemo ya kushika mashine za kupigia kura isivyo halali. Yule mama jirani, mwenye kadi nyeupe, alipata nakala nyingine na akapiga kura. Hakuniambia alimpa nani, nami sikumuuliza.

Tangu Oktoba 2024, Rais aliposema mjini Kisangani kwamba Katiba itazamwe upya, majira haya ni kama hayana mwisho tena. Katika mpango wangu wa mwaka vivumishi vya kumiliki vilikuwa muhula wa tatu. Sasa navifundisha Septemba, wiki ya kwanza, kabla watoto hawajajifunza majina ya wenzao.