Wa Bara, Tujifunze Kusoma Boya

Sisi wa Kitengela na Kajiado twajua kusoma nchi kavu. Mtoto wa darasa la tatu anajua maana ya taa nyekundu barabarani, na mchungaji humtambua ng'ombe wa mwenziwe kwa chapa tu. Lakini maji je? Aprili 2024 mafuriko yalipozingira nyumba hapa Kitengela, tuliuona ugumu wake: maji ya matope huficha shimo, mtaro na jiwe, wala hakuna alama ya kukwambia upite wapi.

Baharini alama zipo. Likizo ikifika, nami kama wengi wenu hupanda treni Athi River na watoto kwenda Mombasa, nao hawatulii mpaka wapande boti. Basi kwanza nawafundisha maboya, yale madude ya rangi yanayoelea yakiwa yameshikwa na mnyororo chini.

Kanuni ya kwanza: ukiingia bandarini kutoka bahari kuu, boya jekundu liwe kushoto kwako, la kijani kulia. Katikati ndiyo njia. Ukitoka, mambo hugeuka: jekundu huwa kulia. Kwa hiyo kujua rangi hakutoshi. Lazima ujue unaelekea wapi. Na ukifika Marekani au Japani, utakuta kinyume cha kwetu.

Ya pili: boya jeusi lenye mshipi mwekundu na mipira miwili myeusi kichwani lasema, "Hatari iko papa hapa, nizunguke mbali." Lile la manjano na jeusi hubeba alama mbili zenye ncha. Ncha zote zikielekea juu, pita kaskazini yake. Zote zikielekea chini, pita kusini.

Ya tatu: usifunge boti kwenye boya, wala usimwache mtoto aogelee kulifuata. Hapo ni kando ya njia ya meli, na meli haisimami ghafla kama matatu.

Utaniuliza, hiyo si kazi ya nahodha? Ni yake, lakini watoto ni wako. Kabla ya kupanda, mvishe kila mmoja jaketi la kuokoa maisha, kisha umwulize nahodha, "Boya lile lasemaje?" Akikueleza vizuri, pandeni. Akicheka tu, rudini ufuoni mkajenge nyumba za mchanga. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.